Barua isiyojibiwa: Illinois na kupimwa akili kwa watoto wa shule

Kuanzia mwaka wa masomo wa 2027–28, shule za umma za jimbo la Illinois, Marekani, zitatakiwa kuwapima wanafunzi afya ya akili angalau mara moja kwa mwaka, tangu darasa la tatu hadi la kumi na mbili. Gavana JB Pritzker aliitia saini sheria hiyo tarehe 31 Julai 2025, na Illinois ikawa jimbo la kwanza nchini humo kuweka sharti la namna hiyo kwa shule zake zote. Kupimwa kwenyewe ni kujibu maswali kuhusu usingizi, hofu, huzuni, hasira, na namna mtoto anavyojiona. Gharama ya dodoso itabebwa na jimbo. Mzazi asiyetaka ana haki ya kumtoa mwanawe. Mzazi asiyejibu chochote, mwanawe ataulizwa.

Nimesoma mengi kuhusu sheria hii, na karibu yote yanawagawa wazazi mafungu mawili. Yupo mzazi mwelewa, anayeshukuru. Na yupo mzazi mkaidi, ambaye ama hakusoma, ama anaona haya kuambiwa mtoto wake ana tatizo la akili, ama amelishwa maneno na wanasiasa. Mzazi wa tatu, yule anayesema "ngoja kwanza, nielezeni", hapewi nafasi. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu mzazi huyo. Illinois imepokea familia nyingi za Wakongomani na Warundi waliopitia kambini, na ukienda Chicago, Moline au Rock Island utakisikia Kiswahili dukani na kanisani. Watoto wa familia hizo watajibu dodoso hilo pamoja na wenzao. Naamini "ngoja kwanza" ya mzazi huyu ina uzito kuliko inavyopewa, lakini ili uzito huo uonekane ni lazima kwanza niwatendee haki wale anaowajibu.

Hoja yao si nyepesi hata kidogo. Oktoba 2021, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili ya watoto na vijana, na chama cha hospitali za watoto vilitangaza kwa pamoja kwamba afya ya akili ya watoto imefikia hali ya dharura ya kitaifa. Mwaka huohuo kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kiliwauliza wanafunzi wa sekondari hali zao. Asilimia 42 walisema wameishi na huzuni au kukata tamaa kwa wiki mbili au zaidi mfululizo, kiasi cha kuacha shughuli zao za kawaida. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 57. Wanafunzi 22 kati ya kila 100 walikuwa wamefikiria kwa dhati kujiua. Hizo si namba ambazo mtu mwenye watoto anazisoma na kuendelea na chai yake.

Nyuma yake kuna kazi ya miaka mingi. Profesa David Shaffer wa Chuo Kikuu cha Columbia alifuatilia vifo vya vijana wa chini ya miaka 20 waliojiua ndani na kandokando ya jiji la New York kati ya 1984 na 1986, nyumba kwa nyumba, akiwauliza waliobaki. Aligundua kwamba takriban tisa kati ya kila kumi walikuwa na ugonjwa wa akili ambao daktari angeweza kuutambua. Swali lililofuata lilikuja lenyewe: kwa nini tuwaulize wafiwa, tusimuulize kijana angali hai?

Walipoanza kuwauliza vijana, waliona faida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban thuluthi moja ya wanafunzi wenye matatizo makubwa walijulikana kwa njia ya dodoso peke yake. Hakuna mwalimu wala mnasihi wa shule aliyekuwa amewashuku. Mtoto mpole anayepata alama nzuri na kusalimia wakubwa anaweza kuwa anazama, na shule nzima isijue. Na ile hofu ya zamani, kwamba ukimuuliza mtoto kuhusu kujiua unamfundisha kujiua, ilipimwa mwaka 2005 kwa wanafunzi 2,342 wa shule sita za New York. Walioulizwa hawakupata madhara, na wale waliokuwa na dalili za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, walionekana kupata nafuu kidogo kwa kuulizwa. Mzazi anayeshikilia hofu hiyo amekosea, na ni vema aambiwe waziwazi.

Kama habari ingeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Shaffer na wenzake walitengeneza kutokana na kazi yao mpango wa TeenScreen, uliopelekwa kwenye shule za majimbo mengi. Julai 2003 tume ya afya ya akili iliyoteuliwa na Rais George W. Bush ilitoa ripoti iliyosema kwamba shule, zenye wanafunzi milioni 52 na watu wazima milioni 6 wanaofanya kazi humo, ziko mahali pazuri pa kugundua matatizo mapema, na ikautaja TeenScreen kuwa mfano wa kuigwa. Ripoti hiyohiyo iliusifu pia mpango wa Texas ujulikanao kwa kifupi kama TMAP. Hapo ndipo shuku ilipoingia, na haijatoka hadi leo.

TMAP ulikuwa mwongozo wa dawa za akili, ulioanza katikati ya miaka ya 1990, ukiwaelekeza madaktari wa huduma za umma waanze na dawa mpya za bei kubwa. Sehemu ya fedha zake zilitoka kwa kampuni zinazotengeneza dawa hizo. Mkaguzi wa serikali ya Pennsylvania, Allen Jones, alikuta malipo ya kampuni yakiingia kwenye akaunti iliyohusika na mpango kama huo katika jimbo lake. Alisema hadharani, akafukuzwa kazi. Januari 2012 kampuni ya Johnson & Johnson ilikubali kuilipa Texas dola milioni 158 kumaliza kesi iliyotokana na jambo hilo. Novemba 2013 kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.2 kumaliza mashtaka, ikiwemo kuuza dawa ya Risperdal kwa matumizi yasiyoidhinishwa, watoto wakiwamo. Mwaka 2012 GlaxoSmithKline ilikiri makosa na kukubali kulipa dola bilioni 3, moja ya makosa hayo likiwa kuitangaza dawa ya sonona ya Paxil kwa walio chini ya miaka 18 hali haikuidhinishwa kwao.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza "nani anafaidika?" hajaokota swali hilo mtaani. Lilijibiwa mahakamani kwa mabilioni ya dola. Ni kweli kwamba wapinzani nao walitia chumvi. Mwaka 2004 zilisambaa habari kwamba Bush anataka kupima akili ya kila Mmarekani, jambo ambalo ripoti haikulisema. Na sauti kubwa kuliko zote dhidi ya TeenScreen ilikuwa ya kundi lililoanzishwa na kanisa la Scientology, ambalo linapinga taaluma nzima ya magonjwa ya akili. Ukaribu huo umewaponza wazazi wa kawaida. Tangu wakati huo, anayeuliza swali la haki anajibiwa kana kwamba ametumwa na watu hao.

Desemba 2004, katika shule moja ya Indiana, msichana alikalishwa mbele ya kompyuta kujibu maswali ya TeenScreen. Alipomaliza akaambiwa majibu yake yanaonyesha dalili za ugonjwa wa kurudiarudia mambo na wa kuogopa watu. Kwa maelezo yake, alikuwa amejibu kwamba hupenda kusafisha nyumba na hapendi sana sherehe. Wazazi wake hawakuwa wametia saini popote. Utaratibu ulikuwa kwamba barua inatumwa nyumbani, na isiporudi, shule inahesabu kuwa mzazi amekubali. Walikwenda mahakamani mwaka uliofuata. TeenScreen wenyewe ulifungwa mwishoni mwa 2012.

Sasa nije kwenye namba ambayo imekaa nami tangu nilipoisoma, na ambayo sijaiona ikijadiliwa na waliopitisha sheria ya Illinois. Inatoka kwa Shaffer mwenyewe, si kwa adui zake. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kukijaribu chombo chao kwa wanafunzi 1,729 wa sekondari. Kiliwanasa asilimia 75 ya walio katika hatari kubwa ya kujiua, na kiliwaacha kwa haki asilimia 83 ya wasio katika hatari. Kwa sikio la kawaida huo ni ufaulu mzuri. Lakini kati ya kila wanafunzi 100 ambao chombo kiliwanyooshea kidole, waliokuwa kweli katika hatari ni 16. Waliobaki, 84, walinyooshewa bure.

Watu wengi wakisikia hivyo hudhani kuna kosa la hesabu. Hakuna. Tuchukue shule ya wanafunzi 1,000, na tuseme 40 kati yao wako kwenye hatari ya kweli. Kwa uwezo ule wa asilimia 75, watanaswa 30 na 10 watapita. Katika wale 960 wasio na hatari, asilimia 17 nao watanaswa, yaani watoto 163. Jumla ya walionaswa ni 193, na kwa macho hakuna wa kuwatofautisha wale 30 na wale 163. Chombo si kibovu. Ni kwamba jambo linalotafutwa ni adimu, na ukitafuta kitu adimu katika umati mkubwa, kosa dogo kwa wengi huzaa watu wengi kuliko usahihi mkubwa kwa wachache.

Watetezi wanajibu kwamba dodoso ni hatua ya kwanza tu. Aliyenaswa anakutana na mtaalamu, wanazungumza, na yule aliyenaswa bure anarudishwa darasani siku hiyohiyo. Ni jibu la kweli, na Shaffer ndivyo alivyokusudia. Lakini fanya hesabu tena. Mazungumzo ya nusu saa kwa watoto 193 ni zaidi ya saa 96, yaani zaidi ya wiki mbili za kazi za mtu mmoja asiyefanya lingine lolote, katika shule moja, kwa mwaka mmoja. Chama cha wataalamu wa saikolojia wa shule cha Marekani kinashauri mtaalamu mmoja kwa wanafunzi 500. Hali halisi, kwa wastani wa nchi, ni mmoja kwa zaidi ya 1,000. Hatua ya pili ndiyo inayoufanya mpango wote uwe wa haki, na ndiyo ya gharama. Dodoso linatolewa bure. Mtu wa kukaa na mtoto hatolewi bure. Fedha zikipungua, kitakachobaki ni dodoso.

Na katika hali hiyo, mtoto mmoja wa wale 163 anaishi vipi? Ameitwa ofisini mbele ya wenzake. Nyumbani imepigwa simu yenye neno ambalo mama hakuwahi kulisikia likitajwa na jina la mwanawe. Hata akija kuambiwa baada ya wiki tatu kwamba hana tatizo, wiki tatu zimepita, na mtoto wa miaka kumi na nne hasahau kirahisi kwamba watu wazima walimtazama wakaona kasoro. Nawafikiria pia wale 10 waliopita, ambao nyumbani kwao imefika habari kwamba mtoto amepimwa na yuko sawa.

Jopo huru la Marekani linalopima ushahidi wa huduma za kinga lilitoa mapendekezo yake mapya Oktoba 2022. Linashauri kupima sonona kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, na hofu kupita kiasi kwa watoto wa miaka 8 hadi 18. Kuhusu sonona kwa walio na miaka 11 au chini, lilisema ushahidi hautoshi kusema kama faida inazidi madhara. Kuhusu kupima hatari ya kujiua, katika umri wote wa utotoni, lilisema vivyo hivyo. Na mapendekezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya kliniki, mahali penye daktari anayemjua mtoto na faili lake, tena mzazi akiwa nje ya mlango. Illinois inaanza darasa la tatu, kwa watoto wa miaka minane na tisa, na inafanya kazi hiyo darasani. Sisemi ni haramu kwenda mbele ya ushahidi. Mara nyingine sera hulazimika. Lakini anayefanya hivyo hana haki ya kumwita mzazi anayesita kuwa mpinga sayansi, maana kwa watoto wadogo sayansi yenyewe imesita.

Kuna msemo unaorudiwa sana: kupima si kutibu, dodoso haliandiki dawa. Ni kweli. Sheria ya Illinois haimpi mwalimu kidonge cha kugawa. Tena tangu Desemba 2004 sheria ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu inazitaka serikali za majimbo ziwazuie watumishi wa shule kumlazimisha mtoto apate dawa zinazodhibitiwa, kama Ritalin, ndipo aruhusiwe kuhudhuria masomo. Bunge la Marekani liliiandika kwa sababu wazazi walikuwa wamelalamika kwamba wanashinikizwa hivyo hasa.

Na shule, hata bila kulazimisha, ina nguvu ya kumsogeza mtoto kuelekea dawa pasipo mtu yeyote kukusudia mabaya. Mwaka 2018 watafiti wa Harvard walichunguza kumbukumbu za watoto zaidi ya 407,000. Katika majimbo ambako anayetimiza miaka mitano kabla ya Septemba 1 ndiye anayeanza shule mwaka huo, watoto waliozaliwa Agosti huwa wadogo kuliko wote darasani, na waliozaliwa Septemba huwa wakubwa kuliko wote. Watoto wa Agosti waliandikiwa kuwa na ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia, kwa kiwango cha asilimia 34 zaidi ya watoto wa Septemba. Ugonjwa haujui tarehe ya kufungua shule. Kilichopimwa hapo, kwa sehemu kubwa, ni utoto: mdogo wa miezi kumi na moja akilinganishwa na mkubwa aliyekaa dawati la jirani. Na wengi wa waliopewa jina hilo walipewa na dawa. Kwa takwimu za CDC za 2022, watoto milioni 7 nchini humo wamewahi kuambiwa wana ADHD, na zaidi ya nusu ya walio nayo sasa wanatumia dawa.

Dawa zenyewe zinastahili maneno ya uadilifu. Oktoba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa zote za sonona ziwekewe onyo kali kuliko yote, baada ya kupitia majaribio 24 yenye wagonjwa zaidi ya 4,400 wa umri mdogo. Mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa takriban 4 kati ya 100 waliomeza dawa, na kwa 2 kati ya 100 waliomeza kidonge kisicho na kitu. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo. Baada ya maonyo, ambayo ya kwanza yalianza kutolewa 2003, maagizo ya dawa kwa watoto yalipungua, na wapo madaktari wanaoamini kwamba waliokosa dawa walilipa: kati ya 2003 na 2004 kiwango cha kujiua kwa vijana wa miaka 10 hadi 24 kilipanda kwa asilimia 8. Wengine wanakataa kuunganisha mambo hayo mawili, na hoja haijafungwa.

Jaribio kubwa la mwaka huohuo wa 2004, lililohusu vijana 439 wenye sonona, lilitoa jibu ambalo pande zote mbili zingepaswa kulibandika ukutani. Waliopewa dawa ya fluoxetine pamoja na tiba ya mazungumzo, 71 kati ya 100 walipata nafuu kubwa. Waliopewa dawa peke yake, 61. Mazungumzo peke yake, 43. Kidonge kitupu, 35. Kwa hiyo anayesema dawa hizi ni sumu tu, anakosea, na kosa lake linaweza kumgharimu mtoto wa mtu. Lakini kilicho bora ni vyote viwili kwa pamoja, na sharti hilo la "kwa pamoja" ndilo linalodondoka njiani. Dawa inaandikwa na daktari yeyote wa watoto kwa dakika chache. Mazungumzo yanataka mtaalamu, kila wiki, kwa miezi. Mwaka 2016 takriban asilimia 70 ya kaunti za Marekani hazikuwa na hata daktari mmoja wa magonjwa ya akili ya watoto. Illinois imefungua tovuti iitwayo BEACON ya kuzisaidia familia kutafuta huduma, na nakubali kwamba ni hatua njema. Lakini tovuti inaonyesha foleni iko wapi, haiipunguzi.

Kwa mtoto aliyenaswa na dodoso, kinachopatikana kwa haraka ni kidonge. Mzazi anayesema "ngoja kwanza" ameliona hilo hata kama hajawahi kusoma jaribio lolote.

Na anaposimama hapo mlangoni, kusimama kwake kuna kazi. Desemba 2011 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti kuhusu watoto wanaolelewa chini ya serikali, waliotolewa kwa wazazi wao, katika majimbo matano: Florida, Massachusetts, Michigan, Oregon na Texas. Iliwalinganisha na watoto wengine wa familia maskini waliokuwa kwenye bima hiyohiyo ya umma mwaka 2008. Watoto wa serikali walikuwa wakiandikiwa dawa za akili kwa kiwango cha mara 2.7 hadi 4.5 ya wenzao. Wakaguzi walikuta pia mamia ya watoto, wa makundi yote mawili, wakimeza dawa tano au zaidi kwa wakati mmoja. Ripoti yenyewe ilionya kwamba tofauti hiyo haimaanishi kosa peke yake, kwani watoto hao wameumizwa zaidi na wana mahitaji makubwa zaidi. Nalipokea onyo hilo. Hata hivyo nimeirudia ripoti hiyo mara kadhaa, na kila mara naona jambo lilelile: mtoto huyu hana mtu wa kumuuliza daktari "hii ya tano ni ya nini?"

Illinois inalijua hili kuliko majimbo mengi. Kwa watoto walio chini ya ulezi wake, jimbo hilo kwa miaka mingi limeweka utaratibu kwamba daktari hawezi kuwaanzishia dawa ya akili kabla ya kupata kibali cha ofisi ya mlezi wa serikali, na ombi hupitiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois cha Chicago. Utaratibu huo umesifiwa, na inafaa usifiwe. Huko ni dawa na huku ni dodoso, najua. Lakini pale ambapo jimbo lenyewe ndilo mzazi, limeamua kwamba kibali hakidhaniwi, kinaombwa na kinatolewa kwa maandishi. Mama wa Rock Island anaomba heshima hiyohiyo, hatua chache mapema.

Katika desturi zetu za pwani, bibi harusi akinyamaza huhesabiwa kuwa amekubali. Watu wa nje hulitumia hilo kutushangaa, wakisahau nusu ya kwanza: kabla ya kunyamaza ameulizwa, kwa lugha yake, na mtu anayemjua, na waliohudhuria wamesikia swali. Barua iliyokaa chini ya mkoba pamoja na tangazo la picha za darasa, kwa Kiingereza cha kisheria, haijamuuliza mtu swali. Mama anayefanya kazi zamu ya usiku kiwandani hakunyamaza mbele yake. Hakuiona.

Tena kuna lugha yenyewe. Mwulize mtoto wa nyumba ya Kiswahili kama huwa na mawazo mengi. Atasema ndiyo, kwa sababu kwetu "mawazo" ni shida, ni kodi ya nyumba, ni ndugu aliyebaki kambini Nyarugusu. Mwulize kama moyo wake ni mzito. Mwulize kama huwasikia waliokufa. Aliyeota bibi yake akimwita anaweza kujibu ndiyo kwa furaha, maana kwao ni baraka. Kisha mwulize kama ana sonona, neno la vitabuni, na akiwa amegubikwa nayo kabisa anaweza kujibu hapana. Tafsiri za madodoso zipo, na baadhi zimepimwa vizuri Kenya na Tanzania. Lakini tafsiri iliyopimwa kwa mtu mzima kliniki ya Eldoret haiwi sawa moja kwa moja kwa mtoto wa darasa la tatu aliyezaliwa kambini na anayeongea Kiingereza shuleni na Kiswahili cha Kivu nyumbani.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya ninayoyasema ni hii: ukidai saini ya mzazi, watoto wengi watakosa kupimwa, na wanaokosa ni mara nyingi wale ambao nyumbani kwao kuna vurugu, ulevi au mtu wa kumwogopa, yaani wale wanaohitaji kuulizwa kuliko wote. Hoja hiyo inaniuma, na sina jibu linaloifuta. Wapo watoto ambao barua inayosubiri saini itawaacha. Ninachoweza kusema ni kwamba mtoto wa namna hiyo ana macho ya mwalimu na mnasihi, na sheria inayoruhusu kumwuliza mtoto mmoja pale dalili zinapoonekana. Na kwamba mpango unaopita pembeni ya wazazi elfu ili kumfikia mtoto mmoja hupoteza imani ya wale elfu, kisha mwaka unaofuata wanajaza fomu ya kukataa, wote, pamoja na yule mmoja. TeenScreen haukukosa wataalamu. Ulikosa kuaminiwa.

Bado kuna muda kabla ya 2027. Jimbo linaweza kuanzia miaka 12 kwa maswali ya sonona. Linaweza kuifanya shule isiyo na mtu wa hatua ya pili isianze hatua ya kwanza. Na barua ile, ambayo kwa msingi wa sheria ya haki za kiraia ya 1964 shule ina wajibu wa kuitoa kwa lugha mzazi anayoielewa, inaweza kuandikwa upya: ieleze mtoto ataulizwa nini, nani ataona majibu, yatakaa wapi na kwa muda gani, watoto wangapi kati ya mia hunyooshewa kidole bure, na nani atakaa na mwanao siku hiyohiyo akinyooshewa. Isomwe kwa simu na mtu anayeongea Kiswahili kwa asiyeijibu. Na chini yake ziwekwe nafasi mbili za saini, moja ya ndiyo na moja ya hapana.